Kutunza Kisichoumia

Mnyama wa betri humwekea mwenye nyumba swali ambalo mbuzi, kuku au mbwa wa kweli hawajawahi kumwekea, nalo ni iwapo kuna maana yoyote kukitunza kitu kisichojua njaa, kisichoumia, na ambacho hakitamkumbuka aliyekitunza pindi betri zitakapotolewa. Kwa mnyama wa betri inakusudiwa hapa kichezeo chenye umbo la mbwa, paka, ndege au kiumbe cha kubuni, ambacho ndani yake mna mota ya kukitembeza, vihisi, yaani vipande vinavyotambua mguso, sauti au mwanga, na bodi ya kielektroniki iliyohifadhi programu inayoamua kichezeo kiitikie vipi kila kinachotambuliwa. Mdoli wa kitambaa hungoja mtoto ampe sauti na tabia, ilhali mnyama wa betri huja na sauti yake, huita asipoguswa, hulalamika akigeuzwa miguu juu, na kwa namna hiyo humdai mtoto wajibu ambao mtoto hakuubuni mwenyewe. Tafakari hii inashikilia kwamba utunzaji wa namna hiyo unaweza kuwa wa kweli na wenye thamani, ila kwa sharti kwamba anayetunza aujue ukweli wa kile anachokitunza, na kwamba njia ya uhakika ya kuujua ukweli huo ni kukifungua na kukitengeneza kinapoharibika. Jiji la Mwanza na mwambao wa Ziwa Viktoria vina mambo mengi ya kuchangia katika hoja hiyo, mengine ya zamani kuliko betri zenyewe.

Historia ya vichezeo hivi si ndefu. Mnamo Novemba 1996 kampuni ya Bandai ya Japani ilitoa Tamagotchi, kifaa kidogo cha mkononi chenye kioo ambamo kiumbe cha kuchorwa kilianguliwa kutoka kwenye yai, kikadai kulishwa na kusafishwa kwa kubonyezwa vitufe, na kikafa kiliposahauliwa. Mwaka 1998 kampuni ya Tiger Electronics ya Marekani ilileta Furby, kiumbe wa manyoya mwenye macho makubwa na mdomo wa ndege, ambaye katika miaka mitatu ya kwanza aliuzwa kwa idadi inayozidi milioni 40. Mwaka 1999 Sony ilitoa AIBO, mbwa wa plastiki ngumu na metali, kwa bei ya yeni 250,000, na mbwa 3,000 waliotengwa kwa ajili ya Japani walikwisha katika muda wa dakika 20 hivi. Sherry Turkle, mtafiti wa Chuo Kikuu cha MIT aliyewachunguza watoto na wazee wakiwa na vichezeo vya aina hii na kuchapisha matokeo yake katika kitabu Alone Together cha mwaka 2011, alionesha kwamba siri ya mvuto wao si akili waliyonayo bali ni uhitaji wanaouonesha, kwa sababu binadamu hujifunga zaidi kwa anayemhitaji kuliko kwa anayemhudumia.

Wanaofika kwenye maduka na meza za wachuuzi wa Makoroboi na mitaa mingine ya katikati ya Mwanza si AIBO bali ni jamaa zao wa bei nafuu, wengi wakiwa wametengenezwa China: mbwa wa manyoya anayetembea hatua chache, akasimama, akabweka na kutikisa mkia, kasuku anayerudia maneno, paka anayelia akipapaswa mgongoni. Wengine huingia ndani ya marobota ya mitumba wakiwa tayari wamepitia mikono ya mtoto wa nchi nyingine. Kwa kawaida hawaji na dhamana inayoweza kudaiwa, hawana spea dukani, na karatasi ya maelekezo, kama ipo, haikuandikwa kwa lugha anayoisoma mnunuzi.

Hali hiyo ingekuwa upungufu mtupu kama isingemkuta mtoto ambaye utamaduni wake wa kuchezea ni utamaduni wa kutengeneza. Wachungaji wadogo wa Usukuma, eneo la Wasukuma linalozunguka Mwanza, wamekuwa wakifinyanga ng'ombe wa udongo wenye nundu na pembe wakati ng'ombe wa kweli wakila majani, na watoto wa mjini hukunja waya ukawa gari, wakakata kandambili kuukuu zikawa magurudumu. Makoroboi penyewe pamepata umaarufu kwa mafundi bati waliogeuza makopo na vyuma chakavu kuwa taa ndogo za mafuta ya taa, upawa na vyombo vingine vya nyumbani. Katika mazingira kama hayo mtoto ni mtengenezaji kabla ya kuwa mtumiaji, na kifaa kilichonyamaza hakihesabiwi kuwa kimekufa mpaka mtu mwenye bisibisi atakapokwisha kukiangalia.

Uchunguzi wa mnyama wa betri aliyeharibika una utaratibu wake, na utaratibu huo unastahili kuelezwa kwa utulivu kwa sababu ndani yake ndimo mlimo funzo. Hitilafu ya kwanza kushukiwa ni ya umeme. Betri nne za kawaida za ukubwa wa AA, kila moja ikiwa na volti 1.5, zikipangwa mfululizo hutoa volti 6, ilhali betri za kuchaji za nikeli, ambazo kila moja hutoa volti 1.2, hutoa volti 4.8 tu, na baadhi ya vichezeo huonekana vivivu vinapowekewa hizo ingawa havina ubovu wowote. Dalili inayowachanganya wengi ni ya mnyama anayeamka vizuri, akatoa sauti, kisha kila anapojaribu kutembea akazima na kuanza upya kana kwamba amerukwa na akili. Sababu yake ni kwamba mota huhitaji umeme mwingi zaidi pale inapoanza kuzunguka, betri iliyochoka ikashindwa kuutoa, volti zikashuka ghafla, na bodi, ambayo haiwezi kufanya kazi chini ya kiwango fulani, ikazima na kujiwasha tena. Fundi anayepima betri ikiwa imetulia anaweza kuiona nzima. Anayeipima wakati mnyama anajaribu kutembea ndiye anayeuona ukweli.

Hitilafu ya pili ni ya mahali betri zinapokalia. Betri ya alkali iliyoachwa muda mrefu, hasa ikichanganywa ya zamani na mpya, huvuja kimiminika kinachokauka na kuwa unga mweupe juu ya springi na vibati vya kupitishia umeme, na unyevu wa mwambao wa ziwa huongeza kutu juu ya madhara hayo. Kwa kuwa kinachovuja ni alkali, yaani kinyume cha asidi, tone la siki au la limau juu ya pamba hukivunja nguvu, kisha sehemu hiyo hufutwa kwa kitambaa chenye maji kidogo, hukaushwa kabisa, na husuguliwa kwa msasa laini mpaka metali ing'ae. Kazi hii ni ya mtu mzima, macho na vidole vikilindwa, kwa sababu alkali huunguza. Kinga yake ni rahisi kuliko tiba, nayo ni kuzitoa betri kila kichezeo kinapowekwa kando kwa muda mrefu.

Hitilafu hizo mbili zikishaondolewa, ndipo mwendo huangaliwa. Furby wa mwaka 1998 aliendeshwa na mota moja tu, ambayo kupitia gia na kamu, yaani magurudumu yasiyo duara kamili yanayosukuma vijiti kwa zamu, ilifungua macho, ikainua masikio na kuchezesha mdomo, na vichezeo vingi vya bei nafuu hufuata kanuni hiyo hiyo. Kwa hiyo mnyama ambaye sauti yake ni nzima lakini viungo vyake vyote vimesimama kwa pamoja mara nyingi hana ubovu wa bodi, bali ana gia iliyokwama kwa nyuzi, nywele au vumbi, au ana gia ndogo ya plastiki iliyopasuka kwenye mhimili wa mota, ambayo hujitambulisha kwa mlio wa mota inayozunguka bure. Gia ya namna hiyo huweza kupatikana kutoka kwa kichezeo kingine kilichokufa, au kutoka kwenye deki ya zamani ya CD. Mafuta ya kupikia hayafai kulainisha gia, kwa kuwa huganda na kukusanya vumbi; grisi kidogo isiyodhuru plastiki hutosha. Mnyama akiwa anatembea lakini haitikii mguso, hutafutwa waya uliokatika, na waya hukatika zaidi pale unapokunjwa kila siku, yaani shingoni na kwenye maungio ya miguu, ambapo fundi wa redio au wa simu huuunganisha tena kwa risasi iliyoyeyushwa. Ngozi ya manyoya hufunguliwa kwa kufumuliwa mshono wa tumboni, hufuliwa peke yake, na hushonwa tena ikiwa imekauka, kwa maana kumtumbukiza mnyama mzima katika beseni ni kumwangamiza.

Kanuni inayoyaunganisha hayo yote ni kuanza na kilicho rahisi na kuelekea kilicho kigumu, kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kutoliamini jibu mpaka lijaribiwe. Hiyo ndiyo kanuni ya maabara, na mtoto anayekaa karibu na meza ya fundi huiona ikifanya kazi kabla hajaisoma darasani. Vilevile huona kwamba kilio kilichomfanya aamke usiku kumbembeleza mbwa wake kilitoka kwenye spika yenye upana wa sarafu, na hapa ndipo wengine huhofu kwamba mapenzi yake yatakufa.

Hofu hiyo ina msingi. Freedom Baird, aliyesomea MIT, aliwahi kupendekeza jaribio la fikra ambamo mtu hushika miguu juu kichwa chini mdoli wa Barbie, panya mdogo wa kufugwa, na Furby. Mdoli anaweza kushikwa hivyo mpaka mkono uchoke, panya anayehangaika hurudishwa wima mara moja, na Furby, ambaye kila mtu anajua kwamba ni mashine, hurudishwa wima baada ya muda mfupi kwa sababu analia, na aliyemshika huona vibaya moyoni. Jaribio hilo linaonesha kwamba huruma ya mwili hutangulia uamuzi wa akili, na Turkle aliogopa kwamba wabunifu wa mashine wangeitumia huruma hiyo kuwafanya watu waridhike na uhusiano ambao upande wake wa pili ni mtupu. Kwa mzee aliyeachwa peke yake na kukabidhiwa sili wa kuchezea kama Paro, aliyebuniwa na Takanori Shibata wa Japani kwa ajili ya wagonjwa na wazee, onyo hilo lina uzito, kwani kifaa hicho kinaweza kumtuliza mgonjwa aliyepoteza kumbukumbu, lakini hakiwezi kuwaondolea watoto na wajukuu wajibu wa kuketi naye.

Hata hivyo onyo hilo limejengwa juu ya dhana kwamba mtu hawezi kujua na kushangaa kwa wakati mmoja, na Usukuma una ushahidi wa kinyume chake. Kila mwezi Juni, baada ya Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, hufanyika Bujora, karibu na Kisesa nje kidogo ya Mwanza, sherehe ya Bulabo, ambamo vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, vinavyofuata waasisi wao Ngika na Gumha wa karne ya 19, hushindana kwa kucheza wakati mmoja, mshindi akiwa ni yule aliyevuta watazamaji wengi zaidi. Ili kuvuta watu, wachezaji wamekuwa wakiingia uwanjani na chatu, nungunungu na fisi walio hai, na pia na sanamu za mbao, baadhi zikiwa na viungo vinavyochezeshwa, ambazo mifano yake imehifadhiwa katika Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa hapo Bujora na Padri David Clement. Mtazamaji anayeiona sanamu ikitikisa mikono anajua kwamba ni mti na kwamba yuko mtu anayeichezesha, na ujuzi huo haumwondoi uwanjani, kwa sababu anachokistaajabia ni uhodari wa binadamu unaoupa mti mwendo. Mtoto aliyeona gia na kamu za mbwa wake yuko katika nafasi hiyo hiyo: mshangao wake umehama kutoka kwa mbwa asiyekuwepo kwenda kwa akili na mikono iliyomtengeneza, na mshangao wa aina hiyo haudanganyi mtu.

Ukweli huo unahitajika zaidi pale tiba inaposhindikana. Sony iliacha kutengeneza AIBO mwaka 2006, na mwaka 2014 ikafunga huduma ya kuwarekebisha, na wamiliki walioishi na mbwa hao kwa miaka mingi wakabaki bila pa kuwapeleka. Wahandisi wa zamani wa kampuni hiyo walianzisha karakana yao, wakawa wanawaponya mbwa wagonjwa kwa vipuri vya mbwa waliokwisha kuzima, na kuanzia mwaka 2015 mbwa wanaotolewa vipuri wamefanyiwa ibada ya mazishi katika hekalu la Kofukuji, katika mji wa Isumi. Fundi wa Mwanza hutoa spea kwenye redio iliyokufa bila ibada yoyote, lakini tendo lake ni lile lile, na linastahili heshima ile ile, kwa kuwa linakataa kuamini kwamba kilichoachwa na kiwanda kimeachwa na kila mtu.

Tukio jingine linaonesha mpaka ambao bisibisi haiwezi kuuvuka. Moxie, roboti mwenza wa watoto aliyeuzwa Marekani, alitegemea kompyuta za mbali zilizofikiwa kupitia intaneti ili aweze kuzungumza, na kampuni iliyomtengeneza ilipotangaza Desemba 2024 kwamba inafunga kwa kukosa fedha, wazazi walilazimika kuwaeleza watoto kwa nini rafiki yao angeweza kunyamaza ingawa hana kiungo hata kimoja kilichovunjika. Tukio hilo linampa mbwa wa Makoroboi hadhi ambayo bei yake haioneshi. Akili yake ni ndogo, lakini yote imo tumboni mwake, ndani ya nyumba ya mwenye mali, na hakuna ofisi ya mbali inayoweza kuizima. Mzazi anayenunua mnyama wa betri hafanyi vibaya kuuliza kwanza iwapo ana skrubu za kufungulia, iwapo betri zake zinapatikana duka la jirani, na iwapo anaweza kubweka pasipo intaneti.

Utunzaji wa mnyama wa betri pia hugusa watu na mahali nje ya kichezeo chenyewe, na hapo mtoto hukutana na viumbe vinavyoumia kweli. Betri bapa za mviringo, zinazofanana na vifungo na kutumiwa katika vichezeo vidogo vya sauti, ni hatari kubwa kwa mtoto anayezimeza, kwa sababu zikinasa kooni mkondo wa umeme hupita katika unyevu wa mwili na kuzalisha alkali inayoweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili tu. Mtoto anayeshukiwa kuimeza hatapishwi wala hasubiriwi aonekane mgonjwa, bali hukimbizwa hospitali yenye eksirei kama ile ya rufaa ya Bugando, na kichezeo ambacho kifuniko cha betri zake hakifungwi kwa skrubu hakifai kabisa kuwa mikononi mwa mtoto mdogo. Betri zilizokwisha nazo hazichomwi pamoja na takataka za uani, kwa maana zinaweza kulipuka, wala hazitupwi mtaroni. Maji ya mvua ya Mwanza huteremka kutoka vilimani, yakapita katika Mto Mirongo unaokatiza jiji, yakaingia ziwani, na ni kutoka ziwa hilo hilo, kwenye vyanzo kama kile cha Capri Point, ambako jiji huvuta maji ya kunywa. Familia inayokusanya betri zake katika chombo kikavu mpaka ipate pa kuzikabidhi kwa usalama inamtunza samaki, mvuvi na jirani kwa pamoja.

Mbwa aliye hai hufundisha yale ambayo wa betri hawezi. Ana haki ya kukataa kuchezewa, anahitaji chanjo ya kichaa cha mbwa, hukonda asipolishwa, na akifa hatengenezeki. Mtoto anayejua tofauti hiyo hana hatari ya kumtendea mbwa hai kama mashine wala kuilia mashine kama mbwa, na tofauti hiyo haifundishwi vizuri kwa maneno kama inavyofundishwa mezani kwa fundi, siku ambayo tumbo la kichezeo linafunguliwa na mtoto anaruhusiwa kuuliza kila anachotaka. Kwa hiyo mzazi anayemficha mtoto wake ubovu kwa kununua kichezeo kingine cha aina ile ile, akidai kwamba mnyama amepona, anamnyima sehemu bora ya mali aliyomnunulia. Anayempa bisibisi ashike, akamweleza kwa nini springi imeota kutu, na akakiri mbele yake pale bodi inapokuwa imeungua na haitengenezeki, amemzoeza mambo ambayo kila kiumbe kinachoumia kitayahitaji kwake baadaye: kuangalia kwa makini kabla ya kuhukumu, kutafuta sababu badala ya kulaumu, na kuubeba wajibu hata pale ambapo hakuna wa kumshukuru.